Siku ya Pili Baada ya Mwezi Kujaa

Baraka, 19 Agosti 1956

Mdogo wangu Roger,

Pokea salamu zetu sote, za Mama kwanza, maana amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeziandika. Sisi ni wazima. Goti linamsumbua Mama akipanda kutoka ziwani, lakini fimbo hataki hata kuisikia. Shemeji yako Placide yuko Lulimba kwenye dhahabu tangu Juni. Ameandika mara moja, mistari mitatu, na mmoja ulikuwa wa kuomba sabuni. Muhogo umekubali mwaka huu. Yule mbuzi uliyeniachia amezaa mapacha, na mmoja tumemla. Ukikasirika, njoo unishitaki.

Sasa jambo lenyewe. Baba amefungwa Fizi.

Tarehe tatu mwezi huu, asubuhi, gati la pamba limeanguka ziwani. Unalijua, ndilo walilomlazimisha Baba kulijenga mwaka wa hamsini na tatu, nguzo ishirini na nne za mti wake ule ule wa kuchongea mitumbwi. Lilienda na magunia ya pamba, mzani, na Bwana wa pamba mwenyewe na soksi zake nyeupe. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na sijuti.

Mchana wakavuta kisiki cha nguzo mpaka ufukweni. Kimejaa matundu, Roger, kila tundu unene wa penseli, duara safi. Bwana wa pamba akachomeka penseli yake katika moja, akageuka, akauliza nani hapa Baraka ana keke ya kutobolea mbao. Kila mtu anajua ni nani. Basi wakamchukua Baba, na keke yake wakaifunga kwa kamba kama ushahidi.

Mimi nikapasua kipande cha kile kisiki kwa shoka. Ndani ya tundu mlikuwa na kidudu kizima, kirefu kama kiungo cha kidole, miguu ina manyoya, ubavuni kina nyuzi zinazopepea bila kupumzika, na mbele meno mawili yametokeza. Nikamkimbilia Bwana wa pamba nacho mkononi. Hakukitazama. Alisema, “Muchwa haiishi ndani ya mayi. Ni mutu alitoboa.” Akakipiga kikaanguka mchangani.

Wewe unafanya kazi na wanyama wa majini. Huyu ni nani? Mwambie mkubwa wako aandike karatasi yenye muhuri, aseme ni mdudu. Wanasubiri jaji aje. Baba akihukumiwa kwa kuharibu mali ya serikali, watampeleka mbali, miaka miwili au zaidi, na kwa umri wake sidhani atarudi.

Habari za Baba mwenyewe nitakuandikia siku nyingine.

Dada yako,
Adolphine


Moanda, 30 Septemba 1956

Yaya Adolphine, dada yangu mpendwa,

Kwa heshima nyingi nakusalimu wewe, na Mama mzazi wetu, na baba mdogo Albert, na majirani wote wanaonikumbuka. Barua yako ilinifikia tarehe 22, imelowa pembeni. Mimi sijambo. Huku kwenye bahari kuu mvua zimeanza kunukia. Tumehamia nyumba yenye vyumba viwili, na nyuma yake tumepanda nyanya.

Habari ya Baba imeniondolea usingizi. Nakusihi, Yaya, usicheke tena mbele ya wakubwa. Cheko la siku moja wanaliandika, nao hawasahau.

Uliyemwona si mchwa. Ni mtoto wa wale wadudu weupe wenye mikia mirefu ambao tulikuwa tunawaokotea kuku. Hata mti wenyewe hali. Anautoboa apate nyumba, anatandika ndani hariri yake, na anakula vijani vidogo vinavyopita na maji. Anakaa humo miezi. Halafu jioni moja anatoka, anavua ngozi, anaruka, anataga, na kabla ya saa mbili usiku amekufa. Unakumbuka Mama alivyokuwa anaweka beseni na taa pale mlangoni? Aliviweka siku ya pili baada ya mwezi kujaa, na hakukosea hata mara moja.

Wanaijuaje siku? Mama alisema wanauona mwezi, nami niliamini hivyo mpaka nilipofika kituoni hapa. Kuna kaa wakubwa wanaoishi kwenye mashimo mbali na bahari. Mwezi ukijaa, majike yenye mayai hushuka kuyamwaga majini. Mademoiselle Docteur, mkuu wetu, aliwafungia kaa kumi na wawili katika chumba kisicho na dirisha. Kazi yangu ni kuingia na kitaa chekundu na kuandika nani amesogea. Nilidhani nitaandika sifuri tupu. Lakini siku zile zile ambazo wenzao wa nje walishuka baharini, hawa wa gizani nao walianza kuzunguka na kukwaruza ukuta. Hawakuona mwezi wala kusikia maji. Saa iko ndani ya mwili wao, Yaya. Mwezi unairekebisha tu, kama mtu anavyorekebisha saa yake kwa kengele ya misheni.

Kuhusu karatasi, Mademoiselle yuko safarini. Akirudi nitaona.

Hukuniandikia Baba alijibu nini walipomuuliza. Alisemaje?

Mdogo wako mtiifu,
Roger


Baraka, 4 Novemba 1956

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa nyanya zako. Mama anauliza kama unakula. Albert anauliza kama ni kweli maji ya huko yana chumvi, au unatudanganya tangu mwaka juzi. Goti lilivimba, limepungua. Placide ameandika kwamba mke mwenye akili angeacha mambo ya wakubwa yajimalize yenyewe. Nimemjibu kwamba mume mwenye akili angekuwa nyumbani.

Nilikuomba karatasi moja, umeniletea kurasa nne za kaa. Hasira zilinipanda nikaitupa barua juu ya kabati. Kisha nikaishusha nikaisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama.

Usiniambie nisicheke. Bwana yule alitembea kutoka majini na pamba imemganda masikioni. Nitacheka mpaka nizikwe.

Nimekwenda Fizi mara mbili, siku nzima ya kupanda, na bugali na samaki mukeke mkavu. Wanamwacha Baba afagie ua wa gereza. Amekonda. Unauliza alisemaje, amesema aliyoyasema. Wewe tafuta karatasi.

Sikiliza ninachowaza. Kama kaa wako wanaijua siku bila kuuona mwezi, na hawa wadudu wetu pia wataijua. Nimevuta kisiki kingine kutoka kwenye mabaki ya gati, kizito, kimejaa matundu yenye wenyewe ndani, nimekificha majini penye matete. Nataka nikitie ndani ya pipa, nikifungie gizani, halafu nimwambie jaji: Bwana, siku fulani, saa fulani, kaa hapa utazame nani aliyetoboa. Keke ya Baba haiwezi kutoka majini ikaruka.

Niambie nifanye nini, moja baada ya lingine, na tarehe. Mademoiselle wako bado hajafika tu?

Adolphine


Moanda, 9 Desemba 1956

Yaya mpendwa,

Nakutakia wewe na nyumba nzima Noeli ya amani. Maji yana chumvi, mwambie baba mdogo, nitamletea chupa. Sisi huku ni wazima. Nyanya zililiwa na mbuzi wa jirani, na sisi tumesamehe kwa sababu hatukuwa na njia nyingine.

Nilipoisoma barua yako niliogopa, halafu nikaona haya kwa kuogopa, kwa hiyo naandika upesi. Chukua pipa la mbao lisilonuka mafuta. Lijaze maji ya ziwa, si ya kisima. Kila siku ya pili toa sehemu ya tatu ya maji na uongeze mapya. Funika kwa chandarua, si kwa ubao, maana wanahitaji hewa. Liweke katika chumba chenye giza, na asiingie mtu na taa. Mwezi utajaa tarehe 16 Januari. Ukae pale tarehe 18, jua likizama. Hata kama kuna mawingu, hata kama hujauona mwezi juma zima, wewe kaa.

Mademoiselle bado hajarudi. Safari za wataalamu ni ndefu.

Yaya, unanificha kitu juu ya Baba. Nakujua tangu ulipokuwa unanibeba mgongoni.

Roger


Baraka, 27 Januari 1957

Roger,

Salamu ni zile zile, sote tunapumua. Mama anatembea. Mvua imebomoa jiko letu, tumelijenga upya. Hizo ndizo habari nzuri, zimekwisha.

Hakikutoka hata kimoja.

Nilifanya yote kama ulivyoandika. Pipa niliazima kwa katekista Norbert, na lilikaa katika ghala lake nyuma ya kanisa; maji niliyabadilisha gizani kwa kata, bila kutia mkono ndani. Tarehe 18 nilikaa mbele yake na Mama. Jua likazama, kuku wakalala, tukangoja mpaka Mama akasinzia. Nikatia mkono ndani ya maji, nikakuta maji matupu.

Kisiki kilikuwa nyuma ya ghala, kimeegemezwa ukutani, kikavu kabisa. Nikapiga kelele mpaka watu wakadhani kuna moto. Baba mdogo Albert akaja akitabasamu. Ndiye aliyekitoa, tarehe kumi na mbili, tena alijivunia. Alisema, “Mutoto wangu, mwezi ulikuwa unakomaa. Mti gani mutu anaacha mu mayi wakati wa mwezi? Nilikusaidia.”

Nilitaka kumpiga, baba yangu mdogo, Mungu anisamehe. Na huwezi kumlaumu. Mwezi ukikaribia kujaa, ndagala hawafuati taa, wavuvi hawaendi, na kila mtumbwi wa Baraka na wa Ubwari unapandishwa mchangani uanikwe mpaka giza lirudi. Tumezaliwa tukaikuta desturi hiyo. Albert aliona mti majini siku za mwezi na mkono wake ukaenda wenyewe.

Nikakipasua. Wote wamo ndani, wamekauka, wepesi kama maganda ya karanga. Nilikaa chini pale nyuma ya kanisa na hasira ikaniisha, kwa sababu nilielewa. Mtumbwi wa Baba unadumu miaka thelathini, na si kwamba mti wake hauingiliki. Kila mwezi tunaupandisha juani, na waliokuwa wameanza kutoboa wanakufa kabla hawajafika mbali. Lakini nguzo za gati hakuna aliyezipandisha. Zilisimama majini miaka mitatu bila kuliona jua.

Sasa nitakuambia nilichokuficha. Baba amekiri.

Tangu siku ya kwanza. Walimwekea kisiki mbele yake, akakitazama muda mrefu, akaingiza kidole kwenye tundu, akasema, “Njo, ni miye nilitoboa.” Wameandika, ametia kidole. Nilipomuuliza gerezani kwa nini, alikuwa ameshika ufagio wake, hakuniangalia. Alisema, “Maisha yangu yote niliapia batu kama mti wangu hauliwake. Heri baseme Casimir aliharibu gati yabo, kuliko baseme mti wa Casimir uliliwa na kidudu.” Na akaongeza kwamba kwa kuwa walimlazimisha kulijenga, kuwaacha waamini amelibomoa mwenyewe si jambo baya sana.

Hivyo napigana vita viwili, dhidi ya jaji na dhidi ya Baba. Jaji anakuja Machi. Nimekwisha kuzamisha kisiki cha tatu, na Albert nimemwapisha mbele ya Norbert kwamba hatakigusa.

Usiniambie tena habari za safari za Mademoiselle. Mwezi wa tano sasa huyo anasafiri, amekuwa mhubiri? Na kitu kingine. Barua yako imesema “sisi” mara mbili na “hatukuwa” mara moja. Ninyi ni nani?

Adolphine


Moanda, 17 Februari 1957

Yaya,

Natuma hii kwa ndege. Salamu zitanisamehe, leo ni fupi.

Mademoiselle hakusafiri popote. Nilimwomba karatasi mwezi wa tisa, siku mbili baada ya kuipata barua yako ya kwanza. Alisema kituo hakiingii katika kesi za wenyeji. Nilimwomba tena mwezi wa kumi na moja, akaniuliza kama nimechoka na kazi. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa kulivua koti jeupe la kazi. Ndio ukweli wote, hauna mapambo.

“Sisi” ni mimi na Suzanne. Ni mtu wa huku, wa pwani. Tulifunga ndoa mwezi wa sita bila kumwomba Baba, na atajifungua mwezi wa nne. Nilitaka kumwandikia Baba kwanza, halafu akafungwa, nikaona aibu kumletea mtu wa gerezani barua ya kuomba radhi. Kila juma nilisema juma lijalo.

Barua yako ya kisiki kilichokauka nilimsomea Suzanne. Alimcheka Albert, akamlilia Baba, kisha akaniuliza, “Nani aliingia katika kile chumba cha kaa kila siku, yeye au wewe?” Mimi ndiye niliyeingia, siku mia sita na kumi. Daftari la kituo lina jina la Mademoiselle, lakini mimi nina langu, la nyumbani, ambalo niliandika kila jioni nisije nikasahau.

Ndani ya bahasha hii kuna daftari hilo. Pamoja nalo kuna ushuhuda wangu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kurasa tatu: huyu mdudu ni nani, anatoboaje, anatoka siku gani, na kwa nini giza halimdanganyi. Sikungoja muhuri wa mtu. Chini nimeandika Roger Wilondja, mwana wa Casimir, na tarehe.

Nakala nilimpelekea Mademoiselle mwenyewe, mkononi, ili asiisikie kwa wengine. Akaniambia niache koti msumarini. Nikaliacha, na funguo za chumba cha kaa nikaziweka mfukoni mwa koti. Nikatembea mpaka nyumbani vizuri tu.

Mwezi utajaa tarehe 16 Machi. Siku yako ni tarehe 18, Jumatatu.

Nisingepaswa kulisahau hili mara ya kwanza: kisiki kisitoke majini hata kwa dakika moja. Kaa hapo ukilinde. Niligeuka mtu wa chumba cha giza nikasahau watu wetu wanaanika.

Roger


Baraka, 21 Machi 1957

Mdogo wangu Roger,

Salamu kwako, na salamu kubwa kwa Suzanne mke wetu. Mama amekaa karibu yangu na leo hasimami. Ananiambia niandike kwamba mjukuu akizaliwa huko kwenye chumvi, aogeshwe mara moja kwa maji matamu. Nimeandika. Sasa tuliza moyo, usiruke mistari.

Tarehe 16 Februari walitoka. Mimi na Mama na Norbert tuliwaona ghalani, gizani, thelathini na zaidi, na wachanga wakabaki ndani ya mti. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza awaone anayetakiwa kuwaona.

Tarehe 14 Machi tukalipeleka pipa Fizi. Sikupata gari; dereva wa pamba alisema habebi kesi. Basi tukatengeneza kipoyi cha miti miwili, na akina mama sita tukalibeba pipa begani, kama walivyobebwa mabwana zamani. Mwenzetu Marthe alikuwa mbele akiimba. Kila kijiji walituuliza tumembeba mkubwa gani, nasi tulijibu ni shahidi, hapendi kutembea.

Jaji ni kijana, mwekundu, anatokwa na jasho. Alisoma ushuhuda wako mpaka mwisho, akauliza, “Huyu Roger ni nani, daktari?” Nikamwambia ni mtu aliyeandika habari za kaa gizani siku mia sita na kumi, na daftari lake hili hapa. Akalifunua. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Halafu akasema yote hayo ni mazuri, lakini mshitakiwa amekiri.

Baba alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. Roger, nilisema kitu ambacho binti hasemi. Nilisema mbele ya jaji, karani, askari na mama wenzangu: “Baba anasema bongo, anadanganya.” Askari mmoja aliinamisha kichwa kwa aibu. Baba akanigeuzia mgongo, na tangu siku hiyo, Ijumaa, mpaka Jumatatu hakunitazama. Nilimpelekea bugali, akaupokea kutoka kwa Marthe.

Jaji alikubali kwa kejeli. Alisema tutaona kama wadudu wa Baraka wana kalenda. Pipa likawekwa katika chumba cha makaratasi, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, chandarua kikafungwa kwa kamba, na juu ya fundo akapiga muhuri wake mwenyewe wa nta nyekundu. Mlango akaufunga, ufunguo akaenda nao. Mvua ilinyesha Jumamosi na Jumapili, na mwezi hakuna aliyeuona, hata sisi tulio nje.

Jumatatu saa kumi na mbili jioni akafungua mlango. Muhuri mzima. Bwana wa pamba naye alikuja, na soksi. Tukasimama kuzunguka pipa, karani ameshika taa ndogo mbali, mlangoni. Hakuna kitu. Bwana wa pamba akatazama saa yake. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Marthe na kucha zangu zilimwingia, alama anazo mpaka leo.

Kisha maji yakatikisika. Kimoja kikapanda juu ya maji, kikapasuka mgongoni, na kitu cheupe kikajivuta nje ya ngozi yake, kikapiga mabawa ndani ya chandarua. Halafu cha pili. Halafu sikuweza kuhesabu, walikuwa wanatoka wote kwa pamoja, chandarua kizima kinatetemeka. Karani akasema jina la Yesu. Jaji aliivua kofia, sijui kwa nini.

Nikamtazama Bwana wa pamba nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na barua yako nilikuwa nayo kifuani.

Baba alikuja polepole, askari hakumzuia. Akakata kamba kwa kucha, akainua chandarua, wakamjia mikononi na kwenye ndevu. Akatia kidole katika tundu la kisiki, kama alivyofanya ile siku ya kwanza. Bila kugeuka akauliza, “Siku ngapi nyuma ya mwezi?” Neno lake la kwanza kwangu. Nikamwambia mbili. Nikamweleza habari ya Albert na kile kisiki alichokianika, na jinsi wote walivyokauka ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Basi mti wangu haukushindwa. Baliunyima jua.”

Jaji akaandika kwamba kosa halipo. Kisha akampa Baba amri: kwa kuwa sasa kinajulikana kinachoharibu, ajenge gati jipya kabla ya mavuno ya pamba, nguzo za mti ule ule, na dawa ya wadudu wataileta. Baba akatikisa kichwa. “Kama gati yenu itapanda ku muchanga kila mwezi, nitajenga. Kama itabakia mu mayi, mutafute mutu mwingine. Mti wangu siutii tena mu kifungo.” Jaji akasema anaweza kumrudisha ndani kwa kukataa. Baba akampa mikono yote miwili, hivi, afungwe. Jaji akaitazama, wadudu weupe bado wametambaa juu yake, akasema labda mawe yatafaa zaidi.

Wakati wa kutia sahihi karani alinisomea: “Jambo limegunduliwa na Bwana Jaji.” Nikakaa juu ya pipa. Nikasema sitii sahihi wala pipa haliondoki mpaka yaandikwe majina ya waliogundua. Nilikaa pale mpaka taa ikahitaji mafuta. Mwishowe wakaandika: Adolphine Wilondja wa Baraka na Roger Wilondja wa Moanda. Nina nakala. Mwonyeshe Mademoiselle ukimkuta njiani, au usimwonyeshe, yeye ndiye mwenye hasara.

Njiani kurudi Baba aliomba asomewe kurasa zako. Norbert, aliyekuja kutulaki, akasoma akitembea. Alipofika mwisho wa ukurasa Baba akamsimamisha. “Jina ya mwisho soma tena.” Akasomewa mara tatu. Habari za Suzanne nilimwambia hapo hapo, nikaona nafasi ni nzuri. Alitutangulia kilima kizima. Kisha akasema aletwe, na mtoto, na wewe ukija usilete koti la mtu, atakufundisha patasi, na daftari lako litakuwa na kazi hapa pia maana kuna wadudu wengi ambao hatujui wanaishije.

Kisiki alikataa kabisa kibaki Fizi. Tulitaka kukibeba sisi, akatunyang’anya, akakitia begani mwenyewe, na maji yake yakimtiririka mgongoni, mpaka Baraka. Amekipandisha juu ya paa letu, upande unaopigwa na jua asubuhi, na amekataza mtu yeyote asikishushe.

Dada yako,
Adolphine